Kazi Imeganda na Mnada ni Kesho: Namna ya Kukatisha Kazi na Sesheni Kwenye Kompyuta

Oktoba ikiingia na korosho zikianza kushuka maghalani, ujumbe ninaoupata kutoka Chiungutwa, Lulindi na kule juu Newala huwa ni swali lile lile: "Kompyuta imeganda, nizime?" Karani wa chama cha ushirika cha msingi (AMCOS) anauliza kwa sababu orodha ya wakulima imegoma kwenye printa na lori la kwenda ghala kuu linamngoja. Mwenye steshenari anauliza kwa sababu mteja amebonyeza kuchapa mara sita. Kijana aliyekuwa akiomba mkopo wa elimu ya juu wa HESLB anauliza kwa sababu amefika nyumbani Chiungutwa ndipo akakumbuka kwamba barua pepe yake ameiacha wazi kwenye kompyuta ya duka huko Masasi mjini.

Jibu la haraka: usizime bado. Kompyuta ina njia zake za kusimamisha kazi moja bila kuziangusha nyingine, na nyingi ya njia hizo hazihitaji fundi wa kutoka mjini. Zina utaratibu tu, na utaratibu huo ukirukwa ndipo madaftari ya msimu mzima yanapoharibika.

Kwanza hakikisha kweli imekwama

Kwa ninavyoona, sehemu kubwa ya kompyuta "zilizoganda" zinangoja kitu: mtandao, diski, au printa iliyoishiwa karatasi. Windows huandika "Not Responding" juu ya dirisha ambalo halijaitikia kwa sekunde 5 tu. Sekunde 5 si kifo. Excel yenye majina ya wakulima elfu kadhaa, ikiwa inapanga hesabu upya kwenye kompyuta ya zamani, inaweza kukaa kimya dakika nzima kisha ikaamka.

Kabla ya kugusa chochote, angalia haya:

- Bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima, kompyuta yenyewe ni hai, tatizo liko kwenye programu moja.
- Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la Task Manager. Tazama safu za CPU na Disk mbele ya programu unayoishuku. Tarakimu zikiwa zinabadilika, kazi inaendelea.
- Jaribu kufungua ukurasa mwingine wa mtandao, au angalia kama simu yako ina intaneti. Bando likiisha, mfumo wa mtandaoni nao husimama, na kosa si la kompyuta.
- Kama kuna flashi inayonakiliwa, angalia taa yake. Ikimetameta, iache imalize.

Mimi hutoa dakika 5 kwa programu za kawaida, na zaidi kwa nakala za akiba na masasisho ya Windows. Sasisho lililoandika usizime, usilizime hata kama limekaa nusu saa. Nenda kanywe chai.

Jiulize ni kazi ya nani

Swali hili watu hulipita mbio. Kompyuta ya ofisi ya chama mara nyingi hutumiwa na watu wawili watatu: katibu, karani wa mizani, mhasibu. Unapokatisha "ile kitu inayokula kompyuta", huenda unakatisha nakala ya akiba aliyoianzisha mhasibu kabla hajaenda kula. Muulize kwanza. Ikiwa hayupo, mpigie. Ikiwa jina la mchakato hulijui, usiliguse kwa sababu tu linaonekana geni.

Kwenye Windows, majina kama csrss, wininit, lsass, services na svchost ni ya mfumo wenyewe. Ukiyaua, kompyuta nzima inaweza kuanguka palepale ikiwa na kila kilicho wazi. Nawaomba hasa vijana wanaodhani kila jina refu ni kirusi: kama unashuku kirusi, endesha programu ya kukagua virusi. Kuua mchakato hakuondoi kirusi, kwa sababu faili lake linabaki kwenye diski na litaanza upya ukiwasha.

Ngazi za kukatisha, kutoka ya upole hadi ya nguvu

Kazi huombwa kusimama kabla ya kulazimishwa. Hata kwenye mashine kubwa za IBM ambazo mabenki makubwa duniani yanazitumia, mwendeshaji aliyekaa kwenye konsoli huanza na amri ya STOP, ikishindikana hutumia CANCEL, na FORCE huja mwisho kabisa. Kompyuta yako ya mezani ina ngazi hizo hizo kwa majina mengine.

1. Bonyeza Esc, au kitufe cha kughairi kilicho ndani ya programu yenyewe. Watu wengi hawakumbuki hata kujaribu.
2. Bonyeza Alt na F4. Programu itapata nafasi ya kuuliza kama unataka kuhifadhi.
3. Fungua Task Manager, chagua programu moja, bonyeza "End task". Subiri kidogo kabla ya kurudia.
4. Ikigoma, fungua skrini nyeusi ya amri. Andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, uifungue kwa mamlaka ya msimamizi. Kisha andika:

tasklist

Utaona kila mchakato na namba yake, inayoitwa PID. Tuseme Excel yako ina namba 5120. Anza na:

taskkill /PID 5120

Amri hiyo inaomba tu. Ikikataliwa, ongeza nguvu:

taskkill /PID 5120 /F

5. Ikishindikana yote, chagua "Restart". Kwenye Windows za sasa, "Shut down" mara nyingi haifuti kila kitu, kwa kuwa mfumo huweka sehemu yake pembeni ili kesho uwake haraka. "Restart" ndiyo inayoanza upya kweli. Ndiyo maana kuna watu wanaozima jioni, wakiwasha asubuhi wanakuta tatizo linawasubiri.
6. Kushikilia kitufe cha umeme ni kwa kompyuta ambayo hata Caps Lock haiitikii.

Angalizo juu ya namba: tumia PID badala ya jina pale inapowezekana. Ukiandika amri ya kuua programu kwa jina, unaua michakato yote yenye jina hilo, pamoja na ile ambayo haikuwa na shida yoyote.

"Lakini nitapoteza nilichoandika!" Huenda ukapoteza kidogo. Word na Excel, zikiachwa na mpangilio wake wa kawaida, huhifadhi nakala ya dharura kila dakika 10. Ukizifungua tena, zitakuonesha kilichookolewa. Msimu wa mauzo mimi ningeishusha ifike dakika 2 au 3. Hiyo ipo kwenye "Options", sehemu ya "Save".

Printa: mahali pesa zinapochomeka

Hapa nitakaa, kwa sababu steshenari nyingi za Masasi na Newala zinaishi kwa printa na fotokopi, na karatasi iliyotoka bure hairudi kwenye rimu.

Mteja amekuja na flashi. Anataka ukurasa mmoja wa barua ya maombi ya kazi, wewe umebonyeza ukachapa faili zima la kurasa 80. Fanya hivi:

- Bonyeza kitufe cha kughairi kilicho kwenye printa yenyewe, mara nyingi kina alama ya X.
- Vuta trei ya karatasi. Printa itakapomaliza karatasi ambayo imeshaishika, itasimama kungoja nyingine. Hiyo inakupa muda bila kuharibu kitu.
- Fungua foleni ya printa kwenye kompyuta, chagua kazi husika, bonyeza "Cancel".

Usichomoe waya wa printa ikiwa karatasi iko katikati ya roli. Itakwama ndani, na sasa utakuwa na matatizo mawili.

Mara nyingine kazi huandika "Deleting" na kubaki hivyo hadi jioni, nyuma yake wateja wamejazana. Hapo foleni yenyewe ndiyo iliyokwama. Kwenye skrini nyeusi, kwa mamlaka ya msimamizi, andika amri hizi moja baada ya nyingine:

net stop spooler

del /Q %systemroot%\System32\spool\PRINTERS\*.*

net start spooler

Ya kwanza inasimamisha huduma ya foleni, ya pili inafuta kazi zote zilizosubiri, ya tatu inairudisha huduma. Nakili neno kwa neno. Amri ya del ni kali: ukikosea njia ya folda, utafuta visivyohusika. Na kumbuka inafuta kazi za kila mtu, hivyo kama kompyuta tatu zinatumia printa moja kupitia hiyo ya kwako, toa tangazo kwanza.

Halafu zima printa, subiri nusu dakika, iwashe. Printa ina kumbukumbu yake, na bila hatua hiyo inaweza kuendelea kutoa kurasa ambazo kompyuta imeshazisahau. Kosa linalofuata ni la mtu kuona kimya, akabonyeza kuchapa tena na tena. Kila ubonyezaji ni kazi mpya kwenye foleni. Printa ikizinduka, inazitoa zote.

Mifumo ya mtandaoni na malipo: hapa kukatisha si kughairi

Tangu msimu wa 2024/2025 minada ya korosho imeendeshwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Vyama vya ushirika vyenyewe, vilivyo chini ya vyama vikuu vya MAMCU upande wa Masasi na TANECU upande wa Newala na Tandahimba, vinajaza taarifa kwenye MUVU, mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Halmashauri nazo zina mfumo wa mapato wa TAUSI. Yote hii ina jambo moja la kufanana: kazi halisi inafanyika kwenye seva iliyo mbali. Mbele yako kuna dirisha tu.

Kwa hiyo ukibonyeza kutuma, ukaona duara linazunguka, ukafunga kivinjari kwa nguvu, usidhani umeghairi. Ombi lako linaweza kuwa limeshafika, na kilichopotea ni jibu. Ukirudia, utakuwa na rekodi mbili, au kontroli namba mbili kwa deni moja.

Utaratibu salama ni huu:

- Funga dirisha, ingia tena, nenda kwenye orodha ya miamala au maombi. Je, lile la kwanza lipo?
- Kama umelipa kwa simu, soma ujumbe mfupi na salio kabla ya kujaribu tena.
- Kama rekodi imeingia mara mbili, usijaribu kuifuta kwa ujanja. Mwarifu msimamizi wa mfumo kwa namba ya kumbukumbu, na aighairi aliye na mamlaka hayo.

Sesheni ulizoziacha wazi

Kufunga kivinjari hakukutoi kwenye akaunti. Atakayekaa baada yako akifungua Gmail, atakuta sanduku lako. Habari njema ni kwamba unaweza kuikata sesheni hiyo ukiwa Chiungutwa bila kupanda gari.

- Gmail: kwenye simu yako fungua akaunti ya Google, sehemu ya usalama, orodha ya vifaa. Chagua kompyuta ile, bonyeza kuitoa. Kisha badilisha neno la siri.
- WhatsApp: fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa, iondoe kompyuta. Usitegemee ijitoe yenyewe, kwani hilo hutokea pale simu yako ikikaa zaidi ya siku 14 bila kutumika, na nani anaacha simu siku zote hizo?
- Facebook: mipangilio ya usalama inakuonesha mahali pote ulipoingia, na inakuruhusu kutoka kote kwa mkupuo.

Wenye steshenari, tatizo hili ni lenu pia. Wafungulie wateja dirisha la faragha, kwenye Chrome ni Ctrl, Shift na N. Yakifungwa madirisha yote ya aina hiyo, akaunti zinafungwa nayo. Ukikuta akaunti ya mteja iko wazi, itoe bila kusoma kilichomo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa kuingia kwenye mfumo bila ruhusa, na kifungu cha 5 kinamgusa hata anayeendelea kubaki ndani ya mfumo kwa makusudi baada ya muda aliopewa kwisha. "Nilimkuta amejisahau" si ruhusa.

Kuna pia sesheni za Windows yenyewe. Mwenzako akibonyeza "Switch user", programu zake zinaendelea kula kumbukumbu nyuma ya pazia. Anayefunga dirisha la kompyuta ya mbali kwa alama ya X naye anabaki ndani. Kwenye Task Manager, kichupo cha "Users" kinawaonesha wote. Kwenye skrini nyeusi andika:

query user

Ukiona mwenzako ana namba 2, mtumie ujumbe kwanza:

msg 2 "Hifadhi kazi yako, nakutoa baada ya dakika 5"

Muda ukipita:

logoff 2

Baadhi ya amri hizi hazipo kwenye Windows ya toleo la Home. Huko tumia kichupo cha "Users". Na logoff haiulizi mara mbili. Kisichohifadhiwa kimekwenda.

Kwa walio na seva

Sehemu hii ni ya maofisa TEHAMA wa halmashauri, hospitali na vyama vikuu, ambako mara nyingi ni kijana mmoja anayehudumia jengo zima. Kwenye Linux, amri ya w inakuonesha nani yumo na anafanya nini, na ps aux inaonesha michakato yote. Kisha:

kill 4312

Hii inatuma ishara ya 15, inayoipa programu nafasi ya kufunga faili zake vizuri. Ngoja sekunde 30. Ikikaidi ndipo:

kill -9 4312

Najua mafundi wanaoanza na -9 siku zote kwa kuwa "ndiyo inayofanya kazi". Inafanya kazi kwa kutoipa programu nafasi hata ya kuhifadhi, na anayelipia ni mtumiaji wa kesho atakayekuta faili nusu.

Mambo yanayowachanganya wengi:

- Ctrl na Z haikatishi kazi. Inaisimamisha tu, nayo inabaki kwenye kumbukumbu. Kukatisha ni Ctrl na C.
- Mchakato wenye hali ya D haufi hata kwa -9 hadi diski au mtandao unaoungoja uitikie. Kagua diski, huenda ndiyo inayokufa.
- "Nimeiua inarudi!" Kuna huduma inayoifufua. Isimamishe kwa systemctl stop na jina la huduma, badala ya kufukuzana na namba mpya kila dakika.
- Mtandao wa simu ukikatika katikati ya kazi ndefu uliyoianzisha kwa mbali, kazi hiyo nayo kwa kawaida hukatika. Ianzishe ndani ya tmux au screen, na utaikuta ukirudi.

Hifadhidata ina heshima yake. Usiue mchakato wa MySQL au PostgreSQL kutoka nje kwa -9 kwa sababu ya swali moja zito. Kwenye PostgreSQL, kuua mchakato mmoja namna hiyo huwaangusha watumiaji wote hadi hifadhidata ijirekebishe. Ingia ndani yake. Kwenye MySQL, SHOW FULL PROCESSLIST itakupa namba, kisha KILL QUERY na namba hiyo inakata swali tu, na KILL peke yake inamtoa mtumiaji mzima. Kwenye PostgreSQL tazama pg_stat_activity, anza na pg_cancel_backend, na pg_terminate_backend iwe ya pili. Kwenye MySQL, ukikatisha kazi iliyobadilisha rekodi nyingi, hifadhidata inaanza kurudisha kila kitu kilivyokuwa, na hilo linaweza kuchukua muda kama ule ilioutumia kubadilisha. Ukiizima hapo kwa kukosa subira, itaendelea kurudisha ikiwaka.

Umeme ukikatika katikati

TANESCO haikuulizi. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba) imeshakatishiwa kazi zake kwa njia mbaya kuliko zote. Umeme ukirudi, subiri dakika chache kabla ya kuwasha, maana mara nyingi hukatika tena palepale. Acha Windows ikague diski ikitaka. Fungua faili la mwisho, linganisha mistari ya mwisho na daftari la mkono la mizani, ndipo uendelee kujaza. Nunua UPS ndogo kabla ya printa mpya. UPS ikilia, una dakika chache za kuhifadhi na kuzima. Zitumie kwa hilo, wala si kumaliza kuchapa.

Ukiamua kuomba msaada

Niandikie mimi, au fundi wako, haya:

- Programu gani, na ilikuwa ikifanya nini.
- Maneno ya kosa yalivyo kwenye skrini, neno kwa neno.
- Imekaa hivyo tangu saa ngapi, na kama mtandao upo.
- Umeshajaribu ngazi ipi.

Picha ya skrini inasaidia sana. Lakini kabla ya kuituma, funika majina ya wakulima, namba zao za simu na za akaunti za benki. Taarifa hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na fundi hahitaji kujua mzee wa jirani ameuza kilo ngapi ili akuambie namba ya kuua.